Ada ya Mtani: Mrija Mmoja wa Damu

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla wengine hawajanisaidia kuusimulia. Zuhura Sefu, mpishi wa kambi ya watu wa gesi, aliniletea barua ya madaktari wa Ureno nimsomee, kwa sababu Kireno changu kilifika sekondari na chake kiliishia jikoni. Barua ilisema kwamba saratani ya figo lake, ambayo ilikuwa imeshahamia mapafuni, wangejaribu kuitibu kwa kumpandikizia seli za shina, yaani zile mbegu za uboho zinazozaa damu, kutoka kwa ndugu yake. Nikaisoma mara mbili, nikavua miwani, nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye diploma ukutani: "Wamekosea mgonjwa hawa. Uboho ni dawa ya saratani ya damu. Figo ni nyama. Karatasi hii kafungie karanga." Ukutani sikuwa na diploma. Nilikuwa na kalenda ya kiwanda cha sabuni.

Zuhura alikunja barua, akashukuru, akaenda zake. Siku nne ile karatasi ilikaa juu ya mtungi wa maji nyumbani kwake. Siku nne za mtu mwenye saratani mapafuni si sawa na siku nne zenu, vijana wangu wa maabara, ninyi ambao mkitumwa Jumatatu mnarudi Alhamisi mkitafuna muwa. Ndiyo maana nawaandikia. Lini nilipandishwa cheo na nani alisaini, hayo yamo kwenye faili, na hata humo hayachekeshi.

Nilizaliwa Palma, na kama si shule nisingevuka kisima cha mtaa wetu. Kozi ya maabara ilinipeleka Pemba, ule mji mkuu wa mkoa wetu, si kisiwa, na ilipokwisha nilirudi mbio kama mbuzi aliyekata kamba. Mara mbili walitaka kunihamisha, mara mbili nikapata mgongo. Bahari iko karibu na nyumba yangu kiasi cha kusikia wavuvi wakitukanana, lakini mimi nikikanyaga mashua tu natapika, hata ikiwa imefungwa. Mke wangu Fatima huwaambia wageni, "Huyu akifa tutamzika uani, maana makaburini ataona mbali."

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta Mzee Amisi, fundi mkuu wa maabara, mtu mkimya mwenye koti lenye madoa ya rangi zote isipokuwa nyeupe. Alijichoma kidole, akadondosha damu mara mbili kwenye kigae cheupe, kwenye tone moja akatia dawa ya bluu, kwenye la pili ya njano. Akatikisa kigae.

"Umeona nini?"

"Kundi A, mzee," nikajibu haraka, nikisubiri sifa.

"Sikukuuliza unajua nini. Nimekuuliza umeona nini."

Nikainama. "Nimeona damu imefanya punje kwenye dawa ya bluu. Kwenye ya njano imebaki laini."

"Andika hivyo kwanza. Jina litakuja lenyewe."

Miaka saba nilifanya kazi chini yake na sikumbuki kama aliwahi kusema jambo refu kuliko hilo. Hadubini yetu wakati ule ilitumia kioo badala ya taa, ukikielekeza dirishani. Mjusi akipita kwenye wavu wa dirisha, mgonjwa anapata ugonjwa ambao haumo kitabuni. Mashine ya kuzungushia damu ilikuwa ya mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wangu. Ninyi mnabonyeza kitufe halafu mnalalamika kitufe kigumu.

Kisha ikaja gesi. Meli za kuchimba zilisimama mbali baharini zikiwaka taa kama harusi ya watu matajiri ambayo hatukualikwa. Mtu mwenye chumba kimoja alikigawa viwili akavipangisha vyote, yeye akahamia jikoni. Vijana walikwenda kuwa walinzi, madereva na mabaharia, na kina mama kama Zuhura wakaenda kupika kambini. Ispitali yetu ilipata daktari kijana kutoka kusini, Dotora Ermelinda, aliyejifunza Kiswahili sokoni, kwa hiyo alianza na namba na matusi.

Kambini walikuwa na desturi ya kuwapima wapishi. Mkojo wa Zuhura ukaletwa kwangu, na ulikuwa na damu. Hapa kwetu mkojo wenye damu ni kichocho, hata mtoto wa chekechea atakwambia. Nikatafuta mayai ya kichocho siku ya kwanza, nikatafuta ya pili, nikatafuta ya tatu mpaka jicho likaanza kuyaona hata kwenye wali. Hakuna hata moja. Mkono uliwasha kuandika "kichocho" nikapumzike. Nikaandika nilichokiona: chembe nyekundu nyingi, yai hakuna. Dotora aliposoma, alimwandikia Zuhura safari ya Pemba siku hiyohiyo. Picha ya Pemba ikaonyesha uvimbe kwenye figo. Maputo wakalitoa figo hilo, lakini baada ya miezi michache mapafuni yakaonekana madoa. Dawa walizompa zikayachelewesha tu. Dotora akapeleka faili kwenye junta, ile kamati ya madaktari inayoamua nani atibiwe nje, na junta ikawaandikia Wareno. Jibu la Wareno ndilo lile lililokalia mtungi.

Siku ya tano Dotora akapitia maabara. "Zuhura ameamua nini?"

"Kuhusu nini, Dotora?"

"Barua."

Nikakohoa. Nikapangusa kigae kilichokuwa safi. Halafu nikasema yote, mpaka na karanga. Sijawahi kuona mtu akitumia Kiswahili cha sokoni kwa ufasaha kama ule.

Alipopoa, alikaa kwenye stuli yangu akanieleza. Uboho haukuwa dawa ya figo, ndiyo. Lakini uboho huzaa damu, na ndani ya damu wamo walinzi wa mwili. "Walinzi wa Zuhura wameuzoea ule uvimbe," alisema. "Wanaupigia saluti kila asubuhi kama bosi. Tunataka kumletea walinzi wa nyumba nyingine, wasiomjua bosi huyo. Wakiuona watauliza: wewe nani?"

"Na wasipouliza?"

"Basi haisaidii. Wengi haijawasaidia. Na wakati mwingine walinzi wageni huwapiga hata wenye nyumba, mtu akafa kwa hiyo. Bado ni majaribio, senhor Saidi. Lakini kuamua ni kazi yake, si yako."

Jioni hiyo nilikwenda kwa Zuhura. Nilimkuta anachambua mchele, amekonda mpaka bangili imepanda kwenye kiwiko. Nikamweleza upya, pamoja na yale mabaya, nikaomba radhi.

"Kwa hiyo siku ile daktari alikuwa nani?" akauliza. "Wewe, au miwani yako?"

"Miwani, dada."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaifunua barua ikiwa na duara la maji katikati. "Nikikaa hapa nakufa kwa uhakika. Nikienda huko nakufa kwa kubahatisha. Andika, Saidi: nimechagua kubahatisha."

Mtoaji alitakiwa awe ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na hata hivyo kila ndugu ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana. Zuhura alikuwa na ndugu watatu. Dada zake wawili walitoa damu bila maneno, mirija ikasafiri, majibu yakarudi: hapana, na hapana. Akabaki Bakari, kitinda mimba, baharia kwenye boti iliyopeleka vyakula kwenye zile meli. Nyumba yake iko Olumbi, kijiji cha mwendo wa gari kutoka Palma. Bakari akakataa.

Hakukataa kwa maneno. Alikuwa "kazini". Mama yake alikwenda akalia. Bakari akalia naye, kisha akaenda kazini. Wazee wakaenda, imamu akaenda, wote wakapewa chai nzuri. Dotora alikwenda na michoro, na yeye ndiye aliyeondoka na neno la kweli: "Dotora, hawa watu wametoboa sakafu ya bahari miezi na miezi na hawajatosheka. Sasa wanataka waje wanitoboe mimi kiunoni? Nitabaki ganda. Nani atapanda boti na ganda?"

Tulikuwa na wiki mbili. Baada ya hapo Wareno wangempa mgonjwa mwingine nafasi ile. Dotora alikaa kwenye stuli yangu tena, safari hii bila hata tusi moja, na hilo lilinitisha zaidi.

"Wamemwendea wote wenye heshima," akasema.

Hapo ndipo nilipopata akili yangu ya kwanza tangu sekondari. Wote waliokwenda walikuwa na heshima. Hakuna aliyekwenda asiye nayo. Na ukoo wangu na ukoo wa akina Sefu ni watani tangu enzi za mababu. Sisi ndio tunaokoroga misiba yao na wao yetu. Mtani huiga kikohozi cha marehemu mbele ya wafiwa, huficha jembe la kaburi, hukaa mlangoni akazuia jeneza mpaka apewe ada yake. Na ukimkasirikia mtani, aibu ni yako wewe.

Tatizo lilikuwa Olumbi. Olumbi si Palma. Fatima alinifungia chakula kana kwamba nakwenda hija. Nilichukua mkeka, jembe, mwanzi mrefu, na kisanduku changu cha mirija, nikapanda gari la ispitali asubuhi. Dereva aliponiona na jembe akaniuliza nani kafa. Nikamwambia, "Bado hajajua."

Bakari alikuwa barazani kwake anakula mhogo kwa samaki, mke wake akimmiminia chai. Sikusalimia. Nilitandika mkeka mbele yake, nikashika mwanzi, nikaanza kumpima kutoka unyayo hadi utosini, kama tunavyopima mtu wa kuchimbiwa.

"Wee Saidi! Unafanya nini?"

"Nyamaza, maiti haisemi. Mama Rukia," nikamgeukia mke wake, "marehemu alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Au ni woga umemvuta?"

Mke wake akaziba mdomo kwa kanga. Majirani wakaanza kuchungulia, mmoja, watatu, kumi. Nikasimama, nikatembea kama Bakari anavyotembea, kifua mbele kama anakwenda kuzindua meli, halafu nikajifanya nimeona sindano: nikalegea magoti, nikajificha nyuma ya birika. "Baharia huyu! Mawimbi ya Rovuma hayakumtisha! Akauawa na kitu chembamba kama mwiba wa samaki anayemla!"

Baraza zima likaanguka kwa kicheko. Bakari alitaka kukasirika, nikaiona hasira ikipanda mpaka shingoni, ikafika mahali ikakumbuka mimi ni nani, ikarudi.

"Nakwenda kazini," akasema, akainuka.

Nikawahi mlangoni ambako viatu vyake vilikuwa, nikakaa juu ya kizingiti, jembe mapajani. "Jeneza halitoki bila ada."

"Ada gani? Chukua kuku!"

"Sili kuku wa maiti."

"Chukua shati!"

"Limejaa woga hilo, litanibana." Nikafungua kisanduku, nikatoa mrija mmoja, nikauinua watu wote wauone. Hapo niliacha mchezo kidogo. "Ada yangu ni huu. Huu tu, mwanangu wa watani. Ukishanipa, kwenda Ureno ni shauri lako na Mungu wako. Sitakuja tena na jembe. Lakini huwezi kukataa kitu ambacho hata hujajua kama unacho. Pengine damu yako haina faida yoyote, na umetunyima usingizi bure."

Mke wake akasema taratibu, "Mpe, baba Rukia. Tumalize kula."

Akakaa kwenye mkeka, akageuza uso ukutani, akanyoosha mkono. Nilimfunga kamba, nikatafuta mshipa, nikachoma, nikatoa.

"Bado?" akauliza, macho kayafumba.

"Tayari zamani."

"Mbona sikusikia kitu?"

"Maiti hasikii."

Mrija ule sikumpa mtu. Niliupakata kivulini mpaka Pemba, mimi mwenyewe, nikipita Mocímboa ambako sikushuka hata kununua maji, nikaukabidhi kwa mkono kwa watu wa junta. Ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa hiari, na mgongo haukuuma hata kidogo, jambo ambalo naomba lisifike ofisi ya uhamisho.

Majibu yaliletwa na Dotora kwa miguu, anakimbia, viatu mkononi. Bakari alilingana na dada yake kwa kila kipimo. Akaitwa, akaelezwa upya kwamba bado ana haki ya kukataa. "Tulikuwa watatu," akasema, "ikaniangukia mimi. Nikijificha sasa, nitakuwa nimemzika mwenyewe." Nahodha wake alimwekea kazi yake. Wakaondoka pamoja, Zuhura kwenye kiti cha magurudumu, Bakari akimsukuma kifua mbele.

Wiki kadhaa baadaye simu ililia maabara.

"Saidi! Hawakunitoboa!"

"Walikufanyaje?"

"Sindano za tumboni siku tano, mifupa ikauma kama nimebeba magunia. Halafu wakanikalisha kwenye mashine, damu inatokea mkono huu inaingilia mkono huu, mimi naangalia mpira. Wamenichuja kama nazi, bwana! Tui wamempa Zuhura, machicha wamenirudishia."

Vijana wangu, nimesoma maelezo mengi ya kazi ile, na hakuna lililoshinda hilo la nazi.

Kisha ikaja miezi ambayo sikuipenda simu. Walinzi wapya walikuwa wameamka na kuanza kuwapiga wenye nyumba: ngozi ya Zuhura ilibanduka viganjani, tumbo likamwendesha, ikabidi wawatulize walinzi kwa dawa, lakini wasiwalaze kabisa. Mume wake Mahmudu, aliyebaki Palma, naye akakonda. Dotora aliniambia kwamba ugomvi huohuo ndio pengine ungepiga uvimbe, na akawa haniangalii usoni akisema. Siku moja ikaja picha: madoa ya mapafuni yamepungua. Nyingine: mawili yamebaki. Iliyofuata Dotora aliiweka dirishani, kwenye mwanga, tukatafuta doa pamoja, kushoto, kulia, juu, chini, kama nilivyotafuta yale mayai. Hakuna.

"Umeona nini, senhor Saidi?"

"Nimeona mapafu, Dotora."

Alinikumbatia mbele ya wagonjwa waliosubiri choo kipimwe.

Zuhura alirudi Palma kwa miguu yake, amenenepa mashavu kwa dawa, na mirija ya kawaida ya ufuatiliaji ikawa yangu. Daftari la zamani lilisema damu yake kundi O, kwa mwandiko wangu. Nikadondosha kwenye kigae. Dawa ya bluu: laini. Dawa ya njano: punje. Nikaosha kigae, nikarudia. Punje. Nikafungua chupa mpya. Punje. Mkono ulitaka kuandika O ili daftari lisinigombeze. Nikaandika punje kwenye njano, nikamwita Dotora, naye akacheka mpaka akakaa chini. "Hiyo ni damu ya Bakari. Kiwanda sasa ni cha Bakari."

Habari ikamfikia Mahmudu, akamwendea imamu mbio: ikiwa mke ana damu ya shemeji, ndoa ipo? Imamu, mtu wa maneno machache, alimwambia, "Ulimwoa Zuhura au ulioa kundi la damu? Nenda nyumbani." Akaenda, kwa haraka ambayo mtaa uliisifu.

Sitawadanganya kwamba kila jambo huisha hivi. Mtu mwingine wa pwani yetu alipelekwa baadaye kwa matibabu yaleyale, ndugu yake akalingana, na hakurudi. Dotora alisema dawa nyingine zinakuja kwa ugonjwa huo na huenda njia ile ikaachwa. Sawa. Mimi nilikuwa mtu wa kigae tu. Lakini kwa Zuhura tulishinda, tena ushindi wa kushikika: nimeushika kwenye mrija, ukiwa bado vuguvugu, kila miezi mitatu mpaka siku niliyovua koti.

Sasa nakaa nyumbani, kazi niliyozaliwa nayo. Asubuhi natoa kiti barazani, natazama bomba la maji la mtaa, ambako kuna magomvi bora kuliko redio. Juzi Zuhura alikuwa pale, ndoo mbili kubwa, anabishana na watu sita kwa mkupuo mmoja bila kukohoa, na mimi nikajikuta natabasamu kama mjinga. Jirani yangu Bi Mwanashida, ambaye alikuwa ametupwa nyuma ya foleni, akapita mbele yangu na ndoo tupu, akasimama, akaniangalia kwa chuki safi, akasema:

"Huyo tulikwishampa dua ya mwisho kwa heshima zote, mkamrudisha, mngemtia na adabu kidogo kwenye hiyo damu."